Upepo wa Nyuma

Tarehe 23 Novemba 1965 mashua moja ya chuma yenye milingoti miwili iling'oa nanga kisiwani Moorea, jirani na Tahiti, ikiwa na watu wawili tu: Bernard Moitessier na mkewe Françoise. Urefu wake ulikuwa kama mita 12, na jina lake Joshua, kwa heshima ya Joshua Slocum, baharia wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa tanga, kati ya mwaka 1895 na 1898. Wawili hao walikuwa wanarudi kwao. Walikuwa wameondoka Marseille, Ufaransa, mwaka 1963, wakapita Visiwa vya Kanari, Karibi, Panama na Galápagos, na sasa watoto wa Françoise waliobaki Ufaransa walikuwa wakimsubiri mama yao. Siku 126 baadaye, tarehe 29 Machi 1966, Joshua ikatia nanga Alicante, Uhispania. Ilikuwa imekata maili za bahari 14,216, yaani zaidi ya kilomita 26,000, kwa njia ya Rasi ya Horn, bila kugusa bandari yoyote. Wakati ule safari hiyo ilihesabiwa kuwa ndefu kuliko zote zilizowahi kufanywa na mashua ya matembezi bila kupumzika.

Habari hii imesimuliwa mara nyingi kama habari ya ujasiri: mume, mke, na bahari mbaya kuliko zote. Simulizi hiyo si ya uongo, lakini inafunika jambo ambalo kwangu ndilo kiini chake. Anayeondoka kwao kwa tanga hana anayemdai. Akichelewa wiki mbili katika kisiwa fulani, hakuna atakayesimama ufukweni akimtazamia. Hali ya hewa ikiharibika, atangoja. Mahali pakimpendeza, atakaa. Anayerudi ana mtu anayemhesabia siku. Ameshaahidi, ameshaandika barua, na kila siku anayokaa bandarini humwelemea kama deni. Kwa hiyo nasema kwamba katika safari ya kurudi, hatari kubwa haitoki kwa kile kinachowazuia wenye chombo bali kwa kile kinachowasukuma. Na kinachowasukuma ni kitu chema, pengine ndicho chema kuliko vyote walivyo navyo, yaani mapenzi kwa watu wao. Baharia hodari wa safari ya namna hiyo ni yule anayeitawala hamu yake ya kufika bila kuiua. Wanapokuwa wawili, mke na mume, kazi hiyo huweza kuwa ngumu zaidi au nyepesi zaidi, kutegemea wanavyoishi chomboni.

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki hawahitaji maelezo marefu kuielewa hoja hii. Kwa karne nyingi majahazi kutoka Oman, Ghuba na Bara Hindi yalishuka na kaskazi kati ya Novemba na Machi, yakaleta tende na samaki wa chumvi, yakapakia boriti za mikoko za Rufiji na Lamu, kisha yakangoja kusi iyarudishe. Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alisafiri na jahazi la Kuwait katika msimu wa 1938 na 1939, chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, akafika Zanzibar na Rufiji na kurudi hadi Ghuba, na kitabu alichokiandika kinaonyesha jinsi maisha yote ya chombo, biashara na madeni pamoja, yalivyofuata upepo. Ila utaratibu ule una jambo moja linalosahaulika. Kusi ndiyo iliyowarudisha nyumbani, lakini manahodha hawakuichukua ilipokuwa na nguvu zake zote. Mwezi wa Juni na Julai, inapovuma kwa ukali, bahari ya kusini mwa Arabuni huchafuka hata vyombo vya tanga vikaona heri kukaa, na bandari nyingi za pwani ya magharibi ya Bara Hindi zilikuwa zikifungwa. Waliorudi walirudi mapema kusi ilipoanza, au walingoja ukali upungue mnamo Agosti na Septemba. Fikiri maana yake. Upepo unaelekea kule kule anakotaka kwenda nahodha, kwa mkewe na wanawe, naye anakaa kitako bandarini kwa sababu unavuma mno.

Moitessier aliijua elimu ya namna hiyo tangu utotoni. Alizaliwa Hanoi mwaka 1925, akakulia Saigon, na ubaharia wake wa kwanza aliupata katika vyombo vya wenyeji wa Indochina, ambako pia pepo za msimu ndizo zinazotawala. Njia ya kurudi Ulaya aliyoichagua pamoja na Françoise aliiona kuwa ya mantiki, na nadhani alisema kweli. Kutoka Tahiti mtu angeweza kurudi mashariki hadi Panama, lakini pepo za biashara zingempiga usoni maelfu ya maili. Angeweza kwenda magharibi, apite Mlangobahari wa Torres, avuke Bahari ya Hindi na kupanda Bahari ya Shamu hadi Suez, safari ndefu yenye bandari nyingi na upepo wa mbele mwishoni. Au angeweza kushuka kusini hadi latitudo za arobaini, mahali ambapo upepo wa magharibi huizunguka dunia nzima bila kukuta nchi kavu nyingi ya kuuzuia, na kuuacha umsukume mpaka Atlantiki. Njia hii ya tatu ndiyo waliyoishika. Tarehe nayo waliichagua kwa akili. Novemba ndio mwanzo wa majira ya vimbunga katika Pasifiki ya kusini, kwa hiyo ilifaa kuondoka tropiki. Na Januari ni katikati ya kiangazi cha kusini, wakati usiku ni mfupi na dhoruba za Rasi ya Horn zimepungua kidogo. Mwendo wao haukuwa wa haraka. Maili 14,216 kwa siku 126 ni wastani wa maili 113 kwa siku, chini kidogo ya noti tano, mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Upesi wa kufika kwao ulitokana na kutosimama, na kutosimama kulitokana na kungoja kwanza.

Lakini upepo wa nyuma una ubaya wake, na hapa inafaa tukae. Asiyezoea bahari hudhani kwamba upepo mbaya ni ule wa mbele. Upepo wa mbele unachosha, unachelewesha, unapasua matanga, ila unakujulisha nguvu zake. Upepo wa nyuma hudanganya. Chombo kinapokwenda nao, kasi yake hupunguza ile inayohisiwa sitahani. Kila kitu huonekana kuwa rahisi, na maili zinahesabika kwa furaha. Nyuma yake bahari inajikusanya. Katika latitudo zile mawimbi yamesafiri maelfu ya maili bila kizuizi, na yanapokaribia Rasi ya Horn hubanwa kati ya Amerika na Antaktika, kisha sakafu ya bahari hupanda kutoka kilindi cha maelfu ya mita hadi kina kidogo. Wimbi huwa refu, hupata ukuta, ukuta ukavunjika. Chombo kidogo kilicho mbele yake hunyanyuliwa tezi, kikateleza kwa kasi kisichoweza kuitawala, na omo ikichomeka katika maji ya bondeni, tezi huendelea kuja juu mpaka chombo kinapinduka kichwangomba, au kikakaa ubavu na kubiringishwa. Ajali hiyo haimpati mtu anayeshindana na upepo. Humpata anayekubaliana nao, akiwa anakwenda anakotaka.

Ndivyo ilivyowapata mume na mke wengine, Miles na Beryl Smeeton, miaka minane kabla ya Joshua. Mashua yao, Tzu Hang, yenye urefu wa futi 46, iliondoka Melbourne tarehe 26 Desemba 1956 kuelekea Uingereza kwa njia hiyo hiyo ya Rasi ya Horn, wakiwa na rafiki yao John Guzzwell na paka wao. Nao pia walivutwa na mtoto: binti yao alikuwa Uingereza masomoni. Tarehe 14 Februari 1957, wakiwa bado kama maili elfu moja magharibi ya Mlangobahari wa Magellan, walikuwa wanakimbia mbele ya dhoruba wakiburuta kamba nene ndefu nyuma ili kupunguza mwendo. Beryl alikuwa kwenye usukani. Wimbi moja likaja lililokuwa refu na lililosimama kuliko mengine, Tzu Hang ikapinduka kichwangomba, Beryl akarushwa baharini kamba yake ya usalama ikiwa imekatika. Aliogelea akiwa ameumia hadi wenzake wakamvuta ndani. Milingoti yote ilikuwa imekwenda, kibanda cha sitahani kimenyofolewa, na maji yanaingia kwa tundu ambalo mtu angeweza kupita. Wakateka maji kwa ndoo, Guzzwell aliyekuwa fundi seremala akaziba kwa mbao na turubai, wakasimamisha mlingoti wa kubahatisha, wakafika Chile wiki kadhaa baadaye. Walitengeneza chombo chao kwa miezi mingi. Desemba ya mwaka huo huo waliondoka tena, mara hii wawili tu, mke na mume. Tarehe 26 Desemba 1957, mwaka mmoja kamili baada ya kutoka Melbourne, dhoruba nyingine ikawakuta. Safari hii hawakukimbia mbele yake, walishusha matanga na kuacha chombo kielee. Wimbi likaibiringisha Tzu Hang ubavu, milingoti ikakatika tena, wakarudi Chile, katika bandari ya Valparaíso.

Nimeyataja mambo haya kwa kirefu kwa sababu Joshua haiwezi kueleweka bila Tzu Hang. Miles Smeeton aliandika kitabu juu ya masaibu yale, kikatoka mwaka 1959, naye aliandika bila kuficha makosa yao wala kujipamba. Moitessier aliyafahamu vizuri yaliyowapata. Kwa hiyo Desemba 1965, dhoruba ilipowashika Pasifiki ya kusini na kudumu kwa siku kadhaa, alianza kwa kufanya kile ambacho karibu vitabu vyote vya ubaharia vilimfundisha: aliburuta kamba ndefu, nyavu na vipande vya chuma nyuma ya Joshua ili iende polepole. Alikuwa akishika usukani akiwa ndani, chini ya kibanda kidogo cha chuma chenye vioo vya plastiki, akiyatazama mawimbi yanavyokuja. Akaona kwamba dawa ile inaleta ugonjwa. Joshua, ikiwa imefungwa kwa nyuma, haikuusikiliza usukani; wimbi lilipofika ilikuwa nzito mno kugeuka, na maji yalikuwa yakiivunjikia. Hapo akamkumbuka Vito Dumas, Mwargentina aliyezizunguka latitudo hizo hizo peke yake mwaka 1942 na 1943 bila kuburuta chochote. Moitessier akachukua kisu, akazikata kamba zote. Kuanzia hapo Joshua ilikwenda huru, naye akayapokea mawimbi si moja kwa moja kwenye tezi bali kwa mshazari, kiasi cha digrii 15 hadi 20, ili omo isichomeke na ubavu usiachwe wazi. Januari 1966 wakaizunguka Rasi ya Horn.

Mshazari ule ndio unaonivutia kuliko ushujaa wote wa safari hii. Mtu mwenye hamu ya kufika hushika moja ya njia mbili, na zote mbili zinamwangamiza: ama hujiachia mzima mzima, tezi kwa upepo, kasi juu ya kasi, ama hushtuka akajifunga breki kila upande mpaka hawezi tena kukiongoza chombo chake. Njia ya Moitessier haikuwa nusu ya hizo mbili. Aliukubali upepo kwa ukamilifu, akabaki na uwezo wa kuchagua pembe. Hivyo ndivyo ninavyoielewa hamu ya nyumbani inapokuwa na afya. Haizimwi, kwa maana ikizimwa safari haina sababu. Wala haiachiwi ishike usukani.

Patakuwa na msomaji atakayesema kwamba najenga nyumba kubwa juu ya nguzo mbili. Joshua ilikuwa ya chuma kilichochomelewa, Tzu Hang ya mbao. Umbo lao ni mbalimbali. Na pengine tofauti nzima ni kwamba Tzu Hang ilikutana na wimbi ambalo Joshua haikukutana nalo. Kipingamizi hiki ni cha haki na sehemu yake naikubali. Yapo mawimbi ambayo hakuna usukani wa kuyaepuka. Wapo mabaharia waliofuata njia ya Moitessier wakapinduka, na wapo waliofanikiwa kwa kuburuta kamba, na hata leo wanaojua mambo hayo hawajakubaliana. Lakini sidai kwamba busara inanunua usalama. Ninachodai ni kuhusu namna watu wawili wanavyoibeba haja yao ya kufika, na hapo ushahidi hautegemei wimbi. Moitessier alikuwa na kitabu cha Smeeton kichwani. Aliyoyajua kuhusu kupinduka aliyapata kwa watu waliopinduka. Kama Miles angeandika ili ajisifu, pengine Françoise asingewaona wanawe. Kuna deni hapo kati ya mume na mke mmoja na mume na mke mwingine, nalo halilipwi kwa kusema ilikuwa bahati.

Kipingamizi kizito zaidi ni kingine, nacho kinagusa maadili. Mzazi anayewapenda watoto wake atapitaje Rasi ya Horn ili awafikie? Kuna ndege, kuna meli za abiria. Kuwahi kuwaona watoto kwa njia inayoweza kuwafanya yatima si mapenzi bali ni tamaa iliyovaa nguo za mapenzi. Nimelifikiri neno hili sana, na siwezi kulisukuma pembeni. Mwaka 1965 ndege zilikuwepo Tahiti. Hata hivyo chombo kile kilikuwa nyumba yao na mali yao yote, na mwenye nyumba hawezi kuitupa ng'ambo ya dunia kila anapokumbukwa na watu wake. Njia nyingine nazo zilikuwa na hatari: miamba ya matumbawe ya Torres, meli za usiku za Bahari ya Shamu, uchovu wa mwaka mzima. Moitessier alikuwa ameshapoteza vyombo viwili kabla ya Joshua, na vyote viwili alivipoteza katika maji ya joto ya tropiki, kimoja Diego Garcia mwaka 1952, kingine Karibi mwaka 1958, kwa kugonga nchi kavu wala si kwa mawimbi ya kusini. Kwa mtu mwenye historia hiyo, bahari kuu isiyo na mwamba haikuwa lazima iwe mahali pa hatari zaidi. Naukubali uzito wa kipingamizi, lakini nadhani kinapima kwa kipimo cha mtu aliyeketi nchi kavu, ambaye kwake kila maji ni hatari sawa.

Sasa hao wawili wenyewe. Katika chombo cha watu wawili, mke na mume huonana kidogo kuliko tunavyodhani. Mmoja yuko zamu, mwingine amelala. Mmoja akiamka, mwingine anaanguka kitandani. Kwa wiki nyingi ndoa huishi kwa dakika chache za kupokezana: upepo uko hivi, meli imepita kule, chai ipo. Anayelala amemkabidhi mwenzake uhai wake, na hufanya hivyo kila siku, mara kadhaa kwa siku, bila sherehe. Sijui ushirika wa watu wazima unaodai imani zaidi ya huo. Ndiyo maana nikasema kuwa wawili kunaweza kukoleza hatari au kuipunguza. Wote wawili wakiwa na kiu ile ile ya kufika, hakuna wa kusema tungoje. Kila mmoja humtia mwenzake moto. Lakini kila zamu inapobadilika, mtu mmoja hulazimika kueleza kwa maneno kile anachokifanya na sababu yake, na uamuzi unaolazimika kusemwa kwa mwenzako hukaguliwa hata asiposema neno. Aliye peke yake hana ukaguzi huo. Hamu yake ikimwambia ongeza tanga, hakuna sikio jingine la kulisikia neno hilo likisikika kuwa la kijinga.

Itasemwa kwamba simulizi nyingi za vyombo vya namna hii zimeandikwa na waume, na kwamba ndani yake mke huonekana akipika, akiogopa kwa ustahimilivu, akimsifu nahodha. Ni kweli, na ni hasara. Tunayajua mawazo ya Bernard wakati wa kukata kamba kuliko tunavyoyajua ya Françoise, ambaye uhai wake nao ulikuwa unaning'inia kwenye kamba zile zile. Ila matukio yenyewe huwasaliti waandishi. Tzu Hang ilipopinduka, aliyekuwa kwenye usukani alikuwa Beryl, na miezi kumi baadaye Beryl huyo huyo alipanda tena. Ukiangalia pia Eric na Susan Hiscock wa Uingereza, walioizunguka dunia kati ya 1952 na 1955 kwa Wanderer III, mashua ya futi 30 tu, utaona chombo kilichoendeshwa na mabaharia wawili, si na mtu mmoja na mpishi wake. Walifuata pepo za biashara, wakakaa bandarini kila majira ya vimbunga, wakachukua miaka mitatu, wakarudi kwao bila mkasa mkubwa. Safari yao haina dhoruba ya kusimuliwa kizazi baada ya kizazi, na kwa sababu hiyo inasomwa kidogo kuliko inavyostahili.

Leo, atasema mwingine, mambo haya yamekwisha. Satelaiti zinamwambia mtu alipo kwa mita. Utabiri wa hali ya hewa unamfikia katikati ya bahari. Hakuna tena anayelazimika kupima kimo cha jua kati ya wingu na wingu ili akisie kama Rasi ya Horn iko mbele au kushoto. Hilo ni jema na halina ubishi. Ila utabiri unaotegemeka haupiti sana wiki moja, na mashua ya noti tano ina wiki nyingi za kwenda. Haiwezi kuikimbia dhoruba inayosafiri mara tano ya kasi yake. Na mawasiliano yameleta shinikizo jipya. Zamani ahadi ilikuwa barua, na aliyesubiri alijua kwamba bahari haina ratiba. Sasa anayesubiri anaiona nukta ya chombo kwenye ramani ya simu yake, ana tiketi za kuja kuwapokea, anauliza mbona mmesimama. Tarehe ya kufika imepanda chomboni kuliko wakati mwingine wowote, na hakuna chombo cha elektroniki cha kuishusha.

Turudi kwa Smeeton na mkewe, waliofika Chile mara ya pili, sasa Valparaíso, bila milingoti. Kitu walichokifanya hapo hakina wimbo. Hawakujaribu mara ya tatu. Walikipakia chombo chao melini, kikasafirishwa Uingereza kama shehena. Wapo wanaoliona hilo kuwa kushindwa. Mimi naliona kuwa ndio uamuzi safi kuliko yote katika habari hizi, kwa sababu uliitenga hamu ya kufika na hamu ya kufika kwa njia fulani. Walichokitaka ni Uingereza na binti yao. Rasi ya Horn ilikuwa njia tu, na njia ilipokataa waliiacha. Wala woga hauwezi kutajwa hapa: Desemba 1968, Beryl akiwa na miaka 63 na Miles 62, waliizunguka Rasi ya Horn kwa Tzu Hang hiyo hiyo, kutoka mashariki kwenda magharibi, dhidi ya upepo. Wakati huo hapakuwa na mtoto shuleni wa kuwahiwa.

Na Moitessier? Aliporudi Ufaransa mwaka 1966, yule aliyekuwa ameishinda haraka baharini alishindwa nayo nchi kavu. Aliandika kitabu cha safari ile mbio mbio ili kiwahi maonyesho ya mashua ya Paris, kikatoka 1967, na baadaye alikiri kwamba alijiona amesaliti jambo alilopaswa kulitunza. Jeraha hilo ni sehemu ya sababu ya kuondoka tena, Agosti 1968, peke yake, katika mashindano ya gazeti la Sunday Times ya kuizunguka dunia bila kusimama. Tarehe 5 Februari 1969 aliipita Rasi ya Horn kwa mara ya pili, chombo kile kile, mahali pale pale. Mbele yake kulikuwa na Atlantiki, Françoise, na pengine ushindi. Hakupanda kaskazini mpaka kwao. Alishika mashariki, akapita tena Rasi ya Tumaini Jema na Bahari ya Hindi, akatia nanga Tahiti tarehe 21 Juni 1969. Kitabu chake cha safari hiyo kilitoka 1971, kikamfanya kuwa mtakatifu wa mabaharia wa kizazi kizima, na kwa hakika kina uzuri mkubwa. Lakini dunia imekosea kuzipanga safari hizi mbili. Mwaka 1969 hapakuwa na mtu ndani ya Joshua wa kupokea zamu, wala wa kuelezwa kwa nini usukani unageuzwa. Mwaka 1966 alikuwepo, na chombo kikafika kwa watoto waliokuwa wakingoja. Ya pili ina falsafa nyingi. Ya kwanza ndiyo kubwa. Anayetaka kumsoma Moitessier aanze na kile kitabu cha 1967, pamoja na kasoro zake zote, na akisome akiwa na cha Smeeton mkononi.